Bakuli la Oli

Bi Thuraya anasema aliona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa na mtu. Anasema jioni ya kuamkia Krismasi alikuwa ghorofani kwake, Mtaa wa Mchikichi, anaanua nguo, akatupa jicho ng'ambo ya barabara kwenye dirisha la wazungu wa misheni. Akaona meza imetandikwa kitambaa cheupe, mishumaa inawaka, chakula kimepakuliwa, na watu wameshanyanyuka wote. Kiti kimoja kimevutwa nyuma kidogo, kama cha mtu anayengojwa. Mbele ya kiti bakuli, ubavuni mwa bakuli kijiko. Na yule mama wa kizungu kasimama nyuma ya kiti, anazungumza nacho.

"Anazungumza na kiti?" Zena muuza vitumbua alimwuliza.

"Na kiti, wallahi. Anainama, anasema maneno yao, ananyamaza kama anayesikilizia jibu. Kisha anasema tena."

"Pengine alikuwa anasali."

"Anasali huku anakipapasa mgongo? Zena, mimi si mtoto. Na alfajiri nilipoamka kuswali dirisha limefunguliwa, nikachungulia tena. Bakuli halipo. Limeliwa."

"Limeliwa bakuli zima, Bi Thuraya? Hawakubakiza hata ukingo?"

"Cheka wewe. Watu wanalisha mashetani juu ya vichwa vyenu, nyie mnacheka."

Mpaka inafika adhuhuri ya Krismasi, habari ilishazunguka mtaa na kuingia kwenye soko jipya, ambalo mwaka ule lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa na bado linanukia saruji. Kila ilikopita ilitiwa chumvi. Kwa wauza nazi mabakuli yalikuwa saba. Kwa wauza samaki kiti kilitembea chenyewe mpaka mlangoni, kikarudi.

Sofia aliyakuta maneno hayo akitoka kanisani. Bi Thuraya alimwita kutoka mlangoni pa duka la mumewe, bwana Azzan, muuza viungo.

"Ewe Sofia! Njoo hapa, wewe si unakaa mle mle? Hebu waambie hawa wanaonicheka."

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba. Haya, kweli si kweli?"

"Mimi nilikuwa jikoni," Sofia alisema, akavuka barabara.

Jikoni alikuwako, hakusema uongo. Lakini bakuli lile alikuwa amelipakua yeye, kwa mkono wake, na aliyekuwa anapakuliwa alimjua.

Sofia alikuwa binti wa Mzee Eliasi, seremala wa Ilala, mtu wa Njombe aliyekuja Dar es Salaam kabla ya Uhuru na randa yake begani. Alipomaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kuendelea yakasomwa na lake halikuwamo, baba yake akamwombea kazi kwa Mchungaji Eero. Mchungaji huyo alitoka nchi ya Ufini, ambako alisema mwezi wa Desemba jua huchungulia kidogo tu likarudi kulala. Alikuwa na mkewe na watoto wawili: Oli, mvulana, na mdogo wake Maria. Mtaani hakuna aliyelijua jina la yule mama la kuzaliwa. Alikuwa Mama Oli, basi. Hata Oli alipokufa, na baadhi ya watu kwa huruma wakaanza kumwita Mama Maria, yeye mwenyewe aliwasimamisha: "Mimi ni Mama Oli." Wakarudi kumwita hivyo.

Krismasi ya wazungu wale haikuwa siku moja. Ilianza mapema, Jumapili nne nyuma. Mama Oli alikunja matawi ya mvinje yakawa kama kata ya kutwikia mtungi kichwani, akasimika juu yake mishumaa minne. Jumapili ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo mpaka yote iwake. Joto la Desemba liliikunja ile mishumaa ikawa kama vidole vya mgonjwa, kwa hiyo Sofia aliihifadhi kwenye friji na kuitoa wakati wa chakula tu. Zilitengenezwa nyota pia. Kwao Mama Oli alizisuka kwa mabua ya nafaka, hapa alinunua ukindu kwa wasuka mikeka wa sokoni, akakaa barazani jioni anasuka nyota huku wanawake wa nyumba za jirani wakimsogelea na kumkosoa: "Kaza, Mama Oli, kaza. Mkeka ungekuwa huo, mtu angelalia sakafu."

Halafu jioni ya tarehe ishirini na nne, uji. Ulikuwa uji wa mchele uliopikwa kwa maziwa juu ya moto mdogo tangu mchana, na mdalasini wa duka la bwana Azzan, na sukari iliyopatikana kwa foleni. Ndani yake ilifichwa lozi moja. Lozi Kariakoo haikupatikana kirahisi, kwa hiyo ilikuwa korosho. Atakayeipata aifiche chini ya ulimi, asiseme, mpaka wote wamalize kula, ndipo aitoe wamshangilie, na mwaka unaokuja utakuwa wake. Jioni hiyo kila aliyelala chini ya paa lile alikaa kwenye meza moja, Sofia pamoja nao.

Na meza ile haikuondolewa vyombo mpaka asubuhi. Hilo Sofia alilijua kwa kukosea. Mwaka wake wa kwanza, watu walipokwenda kulala, yeye mtoto aliyelelewa vizuri aliondoa kila kitu, akaosha, akafuta, akakunja kitambaa. Kulipokucha alimkuta Mama Oli amesimama mbele ya meza tupu, mikono imemlegea.

"Usiku ule meza haiondolewi, Sofia. Bibi yangu alikuwa anasema kuna wanaopita."

"Akina nani wanaopita, Mama?"

Mama Oli akatazama mlango wa chumba alimokuwa mumewe. "Ni desturi tu," akasema.

Sofia hakuuliza tena. Mwaka uliofuata alifunika vyombo kwa kawa, akatia maji kwenye makopo manne na kuyaweka chini ya miguu ya meza ili sisimizi wasipande. Meza yenyewe ilikuwa ya mninga, nzito, kazi ya mikono ya baba yake.

Kwa jambo la usiku huo huo ndipo Mzee Eliasi alipotengwa na kanisa.

Mama yake Sofia alifariki wakati wa kipupwe cha mwaka huo. Ilipofika jioni ya kuamkia Krismasi, Mzee Eliasi, peke yake chumbani kwake Ilala, alipika kande kama mkewe alivyokuwa akizipika, akazitia kwenye bakuli la mkewe, akaliweka juu ya kigoda alichozoea mkewe kukalia. Yeye akakaa upande wa pili na sahani yake. Hapo ndipo alipoingia Mzee Tarsis, mzee wa kanisa, anapita nyumba kwa nyumba kuwatakia watu heri.

"Hili la nani, Eliasi?"

"La mama Sofia."

"Mama Sofia si tulimzika?"

"Tulimzika."

Mzee Tarsis hakukaa. Baada ya mwaka mpya Mzee Eliasi aliitwa kwenye baraza la wazee, akaambiwa atubu kosa la kutambikia wafu. Naye akasema, "Nitubu nini? Nimempakulia mke wangu." Walimbembeleza, wakamtisha, akabaki palepale. Jumapili iliyofuata Mchungaji Eero alisimama madhabahuni akalisoma jina lake. Sofia alikuwa kwenye benchi la wanawake, akayasikia maneno yote, na hayakumtoka tena: "Wafu hawali. Meza ni ya walio hai. Waliokufa wako mikononi mwa Mungu, na anayewapakulia amemkana Yeye."

Tangu siku hiyo Mzee Eliasi hakuruhusiwa Meza ya Bwana. Lakini kanisani alikwenda. Alikaa nje, juu ya tofali, chini ya dirisha, na wimbo ulipoanza aliimba kutoka huko huko. Alikuwa na besi nene. Watu ndani waliimba na besi ikawajia kupitia ukutani, na hakuna mzee wa baraza aliyethubutu kutoka nje kwenda kumwambia anyamaze.

Masika ikaja, Oli akashikwa na homa. Hospitali walifanya walichoweza. Jeneza alilitengeneza Mzee Eliasi kwa mninga uliobaki kwenye ile meza, akaagiza asipewe kitu. Hakulibeba, kwa kuwa mtu aliyetengwa habebi. Siku ya maziko alisimama nyuma kabisa, kati ya Bi Thuraya na bwana Azzan, na hapo pia aliimba.

Sasa mvua za vuli zilipoanza, kifua kikamkamata. Akakohoa mpaka akakonda, mifupa ya bega ikatokeza kama kona za kabati. Daktari alimwambia Sofia pembeni ampeleke mzee nyumbani, ampe anachopenda kula. Mzee Eliasi hakuwa mtu wa kulilia kifo. Kilichomnyima usingizi ni kitu kingine.

"Kengele, Sofi," alimwambia. "Mama yako aligongewa kengele, tukaisikia mpaka Ilala. Mimi nitapita kimya?"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Aliyekufa ametengwa hagongewi kengele, mchungaji haendi, kwaya haiendi. Ndugu zake wanachimba, wanafukia, wanajipangusa vumbi.

Sofia alitaka kumwomba Mchungaji amrudishe baba yake kundini. Hilo tu. Lakini alikuwa binti wa kutazama kwanza. Alitazama Jumapili ya mshumaa wa kwanza, akaona uso wa Mchungaji umefunga. Alitazama ya pili, Mchungaji alikuwa na wageni. Ya tatu, Maria alilia kwa sababu kazi ya kuwasha ilikuwa ya kaka yake na sasa amepewa yeye, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuomba kitu. Ya nne ikapita. Kila Jumapili alikuwa anakwenda Ilala, baba yake anamtazama mara moja, anajua bado, anageuza mazungumzo.

Jioni ile wazungu walitoka kwenda makaburi ya Kinondoni na mshumaa, kwa sababu kwao usiku wa Krismasi kila kaburi huwa na taa. Waliporudi Mama Oli alikuja jikoni moja kwa moja, mchanga mwekundu bado kwenye viatu.

"Panga mabakuli matano, Sofia."

Sofia alihesabu kwa macho: Mchungaji, Mama, Maria, yeye. "Matano, Mama?"

"Matano."

Mama Oli akatoa juu kabatini bakuli dogo la bati, la samawati, lililobanduka rangi upande mmoja pale Oli alipokuwa analigonga kwa kijiko. Halikuwa limetoka kabatini tangu masika. Akalipangusa kwa upindo wa gauni. Kisha akachukua korosho, lakini hakuitupa kwenye sufuria kama miaka yote. Akaiweka ndani ya lile bakuli la samawati, katikati kabisa, akasogea pembeni.

"Ifunike kwa uji," akasema.

Sofia akachota, akaifunika.

Mchungaji alipokuja mezani aliliona bakuli kabla hajakaa. Alisimama akishikilia mgongo wa kiti chake. Mishumaa minne ilikuwa inawaka, mmoja umeshaanza kuinama. Sofia aliinamisha kichwa akisubiri kusikia "Ondoa hilo." Akasikia sala ya chakula. Wakakaa, wakala.

Maria alikula kwa uangalifu, anautafuna uji kama nyama. Mabakuli yalipoisha aliwaangalia wote mmoja mmoja.

"Nani kapata?"

Akaanza na aliye karibu naye.

"Sofia, wewe?"

"Sina."

"Unanidanganya. Toa ulimi." Sofia akatoa ulimi. "Baba, na wewe toa. Mama?"

Kisha macho yake yakaenda kwenye bakuli la samawati, ambalo lilikuwa bado linatoa mvuke kidogo.

"Ah. Basi ni ya Oli." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu aliyeshindwa kwenye mchezo wa haki. "Baba, Oli atakuja kula saa ngapi?"

Sofia akaweka kijiko chini. Maneno aliyajua, alikuwa anayangoja. Wafu hawali. Maneno yenyewe hayakuwa mengi, na Mchungaji aliyajua kuliko mtu yeyote. Sofia alimwona amefungua mdomo. Akamwona mkewe anamtazama.

"Pangusa mdomo, Maria," Mchungaji akasema. "Umejipaka uji."

Walinyanyuka. Mama Oli hakwenda nao. Alikivuta kile kiti nyuma kidogo, akaweka mkono mgongoni pake, akaanza kusema. Sofia lugha yao hakuijua, ila maneno yale machache aliyajua, kwa sababu aliyasikia kila siku tangu aje: ndiyo yaliyokuwa yakitumika kumwita mtoto aje mezani, chakula kinapoa. Mama Oli aliyasema, akanyamaza, akayasema tena. Sofia akaingia jikoni, akayachukua yale makopo, akayajaza maji. Alipopiga magoti kuyaweka chini ya miguu ya meza, Mchungaji alikuwa dirishani anataka kufunga. Ng'ambo ya barabara alisimama Bi Thuraya, na shuka aliloanua mikononi.

Mchungaji akafunga dirisha.

Alfajiri, adhana imeshakwisha, Sofia aliamka kuwasha mkaa. Alisikia maji yanatiririka. Mchungaji Eero alikuwa jikoni, amekunja mikono ya shati, anaosha bakuli la samawati. Mtu yule kwa miaka yote hajawahi kuosha hata kijiko. Alilisugua nje na ndani, na pale palipobanduka alipasugua mara mbili.

"Shikamoo, Mchungaji."

Alishtuka. "Marahaba, Sofia. Heri ya Krismasi."

"Na kwako. Nipe niendelee."

"Nimemaliza."

Sofia aliangalia ndoo ya taka. Ilikuwa tupu. Aliangalia ndevu za Mchungaji, akaona vumbi la mdalasini limeshika pembeni ya mdomo, akageuza macho. Mchungaji alilipangusa bakuli, akalirudisha juu kabatini, nyuma ya mengine. Kwenye ukingo wa karo ilibaki korosho moja, nyeupe, imeoshwa. Aliichukua, akaishika kama mtu asiyejua pa kuiweka, mwisho akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kanisani siku hiyo Mchungaji alihubiri habari za mtoto aliyezaliwa, na nyimbo ziliimbwa kwa nguvu. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza Sofia aligeuza shingo kuelekea dirishani, na si yeye peke yake. Besi haikuja. Nje palikuwa na tofali tu.

Walipotoka, Mzee Tarsis alimsubiri mlangoni. Habari ilishamfikia.

"Sofia, huko Kariakoo kwenu kuna maneno. Eti nyumbani kwa Mchungaji limewekwa bakuli la maiti." Alicheka kwa pua. "Nikamwambia aliyeniletea, ni hawa hawa wanaokula kiporo cha maneno kila asubuhi. Lakini wewe uko mle ndani. Nataka nimfunge mdomo. Ni uongo, sivyo?"

Jibu lilikuwa ulimini. Angesema ni kweli, Mzee Tarsis angeitisha baraza kabla ya mwaka mpya. Alimwona Mchungaji kwa mbali anawashika watu mikono, na Maria, na kando yake Mama Oli, amevaa gauni lile lile la jana lenye mchanga kwenye upindo. Alimwona pia, kwa macho ya moyo, baba yake chumbani Ilala, uso kaelekeza ukutani.

"Mimi mpishi, Mzee," akasema. "Nikishapakua nimemaliza."

"Kwa majibu umemfuata baba yako."

"Ndiye aliyenizaa."

Alipotoka hapo ndipo alipomkuta Bi Thuraya na maneno yake, naye akapita. Akachukua uji uliobaki, akautia kwenye kibati, akaenda Ilala kwa miguu.

Mzee Eliasi alikuwa ameegemea mto, ubao wa dirisha umefunguliwa ili asikie watu wakipita na sikukuu yao. Sofia alimlisha vijiko viwili vitatu, akakataa vingine. Ndipo akamweleza. Hakuongeza kitu: mabakuli matano, korosho, kiti, makopo ya maji, Mchungaji na maji ya bomba alfajiri.

"Wamempakulia mtoto," Mzee Eliasi akasema.

"Wamempakulia."

"Kwenye ile meza yangu."

"Kwenye ile ile."

Mzee alikohoa kwa muda. Alipotulia alisema, "Alikuwa anakuja kiwandani kwangu yule, kuchukua maranda. Anajaza mifuko yote. Nikamwuliza unayapeleka wapi, akasema ni theluji." Akatabasamu kidogo. "Theluji. Kariakoo."

"Baba, Mzee Tarsis ameniuliza."

"Ukasemaje?"

"Sikusema."

"Vizuri. Mchungaji usimseme."

"Lakini yeye alikusema wewe!" Sauti ya Sofia ilipanda, akaishusha. "Alikusoma mbele ya watu wote, Baba. Wafu hawali. Mimi nilikuwapo."

"Alinisoma, ndiyo. Aliponisoma alikuwa hajazika." Mzee Eliasi akamshika mkono kwa vidole vilivyokuwa bado vigumu kama gome. "Kumsema usimseme, mwanangu. Yule mama atakwenda wapi na uso wake? Lakini mwombe. Umengoja vya kutosha. Mimi sina tena ya kungoja."

Sofia alirudi jua linateremka. Meza ilikuwa bado imetandikwa kitambaa, mishumaa imeyeyuka ikawa visiki. Mchungaji alikuwa amekaa pale peke yake, si kwenye kiti chake, kwenye kile cha Oli. Ndani kulisikika sauti ya Maria akimwimbia mwanasesere.

"Mzee anaendeleaje?" Mchungaji akauliza.

"Hajambo kidogo. Mchungaji, nina ombi."

"Sema."

"Baba hana siku. Naomba umrudishe kundini. Naomba akifa agongewe kengele, na wewe uwepo."

Mchungaji alipitisha kiganja juu ya kitambaa, kama anayekusanya makombo, na makombo hayakuwapo. "Sofia, unajua nampenda baba yako. Jeneza la mwanangu..." Akaacha. "Lakini jambo hili si langu peke yangu. Ni la baraza. Na utaratibu unaujua. Mtu anarudi akitubu. Atubu tu, hata kitandani, hata kwa neno moja, mimi mwenyewe nitakwenda leo hii."

"Nimeelewa, Mchungaji." Sofia hakuondoka. Alishika mikono yake mbele, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa. Hakuwa na hasira, na sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. "Basi nakuomba unipe hayo maneno. Baba hajui atubu nini, na mimi elimu yangu ndogo, siwezi kumweleza. Niambie wewe. Nitakwenda nayo sasa hivi Ilala, nitamwambia kama ulivyoyasema, sitaongeza wala sitapunguza. Nimwambie anatubu nini?"

Mlango wa chumba ulikuwa umefunguka. Mama Oli alikuwa amesimama hapo, haingii, haondoki. Maria aliacha kuimba.

Mchungaji aliutazama ule mninga pale kitambaa kilipoishia. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye mfuko wa shati wenye ile korosho, ukashika kifungo, ukabaki hapo hapo. Ng'ambo ya barabara Bi Thuraya alikuwa anafunga madirisha yake, moja baada ya jingine.

Sofia akaendelea kusimama, anangoja.